Sokwe Nao Waingizwe Katika Daftari la Mbao

Katika mdahalo wetu wa Kiswahili muhula uliopita mada ilikuwa misitu, na mwenzangu mmoja alishangiliwa sana aliposema kwamba sokwe hawalipi karo. Upande wa pili ukajibu kwamba misitu yote ya asili ifungwe, asiingie mtu na shoka. Nao wakashangiliwa. Mimi sikusema neno kwa sababu nilikuwa mtunza saa, lakini ukimya ule umenikera hadi leo. Pande zote mbili zilikosea, na ushahidi uko Budongo, msitu wa kwetu Masindi, magharibi mwa Uganda.

Nianze na wanaotaka kufunga. Budongo ilikatwa mbao kwa mpango tangu enzi za ukoloni, kitalu baada ya kitalu, mkangazi ukiwa ndio mti uliotafutwa zaidi. Kitalu kimoja, kinachoitwa N15, kiliachwa bila kuguswa. Watafiti walipolinganisha kitalu hicho na vile vilivyokatwa, walikuta kima na mbega wengi zaidi kule kulikokatwa, na idadi ya sokwe haikutofautiana sana. Si ajabu. Mti mkubwa ukianguka, jua linafika chini, na miti ya matunda inapata nafasi ya kukua. Kwa hiyo anayesema kila msumeno unaua sokwe hajaiangalia Budongo. Tena, tukiifunga kabisa, mnunuzi wa mbao pale Ndeeba, Kampala, hatafunga duka. Lori litatoka Ituri, Kongo, katika misitu ya okapi, na sisi tutajisifu kwamba tumehifadhi.

Sasa nigeuke kwa yule wa karo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa misitu waliitazama Budongo kwa jicho lake hilohilo: mti wenye mbao ni mti, usio na mbao ni magugu. Wakachanganya sumu na dizeli, wakaipaka miti waliyoiona haina faida ili mikangazi ipate nafasi. Miongoni mwa iliyouawa ilikuwamo mikuyu. Mkuyu! Mti ambao sokwe huutegemea kuliko karibu miti mingine yote, kwa sababu hauna msimu mmoja. Huu unapomaliza kuzaa, ule unaanza. Hao hawakuwa majangili. Walikuwa wasomi wenye ramani na madaftari, na daftari lao lilikuwa na safu moja tu, ya mbao.

Wala hawakuipata hata hiyo mikangazi kama walivyotarajia. Mti mkubwa ndio unaozaa mbegu nyingi, na mti mkubwa ndio uliokuwa wa kwanza kukatwa. Ukimla kuku anayetaga, usiulize vifaranga.

Lakini kisa kinachoniumiza zaidi hakihusu mbao. Sokwe wa kundi la Sonso, humohumo Budongo, walikuwa wakipata chumvi kwa kutafuna moyo wa mwale uliooza. Mwale haupasuliwi mbao, hivyo hakuna aliyeuhesabu. Wakulima wa tumbaku walizikata nyuzi za majani yake kufungia tumbaku wakati wa kuikausha, na mnamo miaka ya 2006 hadi 2012 miale ikatoweka katika eneo lile. Sokwe wakafanya nini? Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulieleza kwamba walionekana wakila kinyesi cha popo ndani ya shimo la mti, na katika kinyesi hicho zilikutwa aina 27 za virusi, kimojawapo kikiwa cha jamaa ya korona. Haijathibitishwa kwamba sokwe waliugua, wala mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba sote tuliofungiwa ndani mwaka 2020, shule zikafungwa karibu miaka miwili hapa Uganda, tunajua gharama ya virusi inavyoweza kuwa kubwa. Mwenzangu wa karo na akokotoe hesabu hiyo.

Kisha kuna waya. Takriban robo ya sokwe wa Sonso wamelemazwa na mitego: mkono uliokauka, vidole vilivyokatika. Mitego hiyo huwekewa nsya na nguruwe mwitu, ila sokwe hupita njia hizohizo. Mjomba wangu alikuwa mpasuaji, yeye juu ya gogo, mwenzake shimoni, msumeno katikati yao. Nilimuuliza walikula nini msituni majuma mawili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Mwenye mbao aliwapa unga na chumvi basi. Kitoweo kilikuwa juu yao, na waya wa baiskeli hauna bei. Tunamkamata mtu wa waya. Yule aliyempa unga bila maharagwe anapakia mbao zake na kuondoka.

Ndiyo maana nasema misitu ya Uganda ikatwe, ila kwa kibali cha namna nyingine. Kabla mkangazi mmoja haujaangushwa, ihesabiwe mikuyu ya kitalu hicho, na miale, na miti yenye mashimo, ipigwe rangi, na atakayeuangusha mmoja wao apoteze kibali chote, si faini ya kulipia kwa mbao za siku moja. Mikangazi mikubwa kadhaa ibaki kuwa mama wa mbegu hata kama mnunuzi analia. Chakula cha wapasuaji, pamoja na kitoweo, kiwe sharti la maandishi kwa mwenye mbao. Na wakulima wa pembezoni wapewe miche ya mwale waipande kwao, maana kamba wataitafuta tu.

Najua nitajibiwa kwamba mbao zitapanda bei. Zipande. Uganda ina sokwe wapatao 5,000 tu, na kitanda ninacholalia hapa bwenini ni cha mkangazi. Mjomba aliniambia alipoupapasa ubao wake siku aliyonileta. Bei iliyolipwa ilikuwa ya msumeno, lori na rushwa za njiani. Mkuyu uliovunjwa na mti huo ulipoanguka haukulipiwa na yeyote.