Kalamu ya Risasi Safarini

Watu wengi hudhani ya kuwa safari ni kufika tu. Msafiri akiisha kuketi garini hulala, aamkapo huuliza, "Bado mbali?" Wengine hushika simu, hupiga picha mia kwa siku moja, wasizitazame tena. Mimi naona ya kuwa yafaa msafiri achukue daftari dogo na kalamu ya risasi, achore mambo ya kila siku ayaonayo njiani. Sisemi hivi kwa kuwa ni mchoraji hodari, maana ng'ombe niwachorao hufanana na meza. Nasema hivi kwa sababu kazi hiyo ndogo imenipa raha ambayo usingizi haukunipa.

Sikilizeni. Mwaka mmoja nalisafiri kwa gari moshi kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam. Reli hiyo, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Moyo wangu ulikuwa mzito, kwani nalikuwa nikienda kumwuguza kaka yangu. Nalihesabu saa, nikatamani gari liongeze mwendo. Lakini wasiwasi wa abiria hausukumi gari. Ndipo nikatoa daftari. Nikachora mkono wa mzee aliyelala mbele yangu, kisha birika lake, kisha mibuyu iliyokuwa mbali. Saa nzima ikapita nisiijue. Kaka yangu sikumsahau, ila hofu ilikaa kimya, kama mtoto aliyepewa kazi ya mikono.

Tulipofika Saranda, stesheni inayosifiwa kwa kuku wake, wauzaji walikuja madirishani. Nikaanza kumchora mama mmoja mwenye sinia kichwani. Akaniona, akasema, "Baba, wanichora bila hodi?" Nikaona haya. Nikamwambia, "Niwie radhi, mama," nikamwonyesha daftari. Akalitazama sana, kisha akacheka: "Sinia hili litakaaje kichwani bila ngata? Litaanguka!" Nikainua macho, nami nikaiona ngata ya kanga iliyokunjwa vizuri chini ya sinia. Ilikuwepo tangu mwanzo, nami sikuiona, ijapokuwa nalikuwa nikimtazama. Akaniruhusu niichore, gari likaondoka.

Wazee hunena, "Macho hayana pazia." Ni kweli, lakini haraka ni pazia, na mazoea ni pazia la pili. Mkono unaochora huyaondoa yote mawili, maana huliuliza jicho kila mara: Kamba imefungwa wapi? Kivuli chaanguka upande gani? Mtu anayejibu maswali hayo hana nafasi ya kuhangaika. Hiyo ndiyo siri ya raha yake.

Labda mtasema, "Mwalimu, simu hufanya kazi hiyo kwa nukta moja." Sibishi. Mtu atakaye kuhifadhi sura ya kitu, na apige picha. Lakini nukta moja haitoshi kumjua mtu wala mti. Tena jambo hili si geni katika nchi zetu. Mwaka 1860 James Augustus Grant wa Scotland alitoka Unguja pamoja na John Hanning Speke kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Walichukua vyombo vya kupigia picha, lakini joto la hema lilikuwa kali mno kwa kazi ile, wakaviacha; Grant akaendelea kwa kuchora. Alichora watu, nyumba na mimea, na picha zake zimehifadhiwa Scotland hata leo. Ni vema, ila yule alikuwa mgeni apitaye. Sisi tunaokaa hapa, tujuao ngata ni nini, mbona tusijichore wenyewe?

Wala msiogope gharama. Kalamu ya risasi ni kitu cha bei ndogo. Jina lake tu ndilo linalodanganya, kwa kuwa ndani yake hamna risasi, bali grafiti, madini meusi ambayo hupatikana hata Mahenge. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa alipata njia ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu, na mstari wake hafifu; ukipungua, huwa laini, na mstari wake mweusi. Kalamu moja, kisu kidogo cha kuichongea na daftari vyatosha kwa safari nzima.

Basi mkisafiri likizo hii, chagueni kitu kimoja kilicho karibu: kikapu, kiatu, jembe lililoegemezwa ukutani. Mkitaka kumchora mtu, pigeni hodi kwanza. Mchoro ukiharibika, msiuchane; andikeni chini yake siku na mahali, mwendelee.

Kaka yangu nalimkuta kitandani, hana nguvu ya kusema sana. Nikamfungulia daftari ukurasa kwa ukurasa. Alipofika Saranda akatabasamu, akasema, "Ngata umeipata. Uso wa mama wa watu ndio umeuharibu." Tukacheka sote wawili. Kwangu mimi, mchoro ule mbaya umelipa gharama ya daftari zima.