Kanuni za Mtandao Zijaribiwe Kwanza
Burundi haina pwani. Intaneti ya Bujumbura hutoka kwenye nyaya za Bahari ya Hindi, ikavuka nchi jirani, na safari hiyo hulipiwa. Halafu ofisi ndogo pale mtaa wa Rohero huitumia kiholela: kijana wa mapokezi anapakua filamu, mhasibu anakodolea macho ukurasa wa benki usiofunguka. Dawa ni kanuni zinazowekwa mahali pamoja, vifaa vyote vizifuate: saa za kazi hesabu zitangulie, video zisubiri, wageni wawe na njia yao. IETF, jopo la wahandisi wanaotunga viwango vya intaneti, ilichapisha mwongozo wa fikra hii Januari 2000, basi si mambo mapya. Ila msiwashe kanuni zote Jumatatu asubuhi! Zijaribuni wiki nzima kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa ya mkurugenzi, maana ndiye wa kwanza kuomba asiguswe.