Albumu ya jazz inayosema Kiswahili, na wenye Kiswahili hawaijui

Mnamo Novemba 1960, katika studio moja ya New York, ilirekodiwa albumu ya jazz yenye jina la Kiswahili: Uhuru Afrika. Mwenye kazi hiyo alikuwa mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn. Ina sehemu nne. Ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza na ya mwisho Kucheza Blues. Katikati kuna Bantu na African Lady. Mapema kabisa, kabla orkestra haijapamba moto, inasikika sauti ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, akisema maneno ya uhuru kwa Kiswahili.

Miaka zaidi ya 60 imepita. Leo katika Bukavu, Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, kati ya watu wanaopenda jazz na wanaoamka na Kiswahili mdomoni, ni vigumu kumpata aliyewahi kuisikiliza albumu hiyo mwanzo mpaka mwisho. Wengi hawajasikia hata jina lake. Hilo linahuzunisha, kwa sababu wapenzi wa jazz mashariki mwa Congo wapo, na kupeana miziki ni jambo wanalolifanya kila siku.

Tatizo ni ginsi wanavyopeana. Kijana anaingia kwa fundi wa mashine pale sokoni, analipa franka zake, anajaziwa karti ya memori. Rafiki anamrushia mwenzake kwa Bluetooth wakati umeme umekatika. Shemeji aliye Ulaya anatuma nyimbo mbili, tatu usiku, saa ambapo mega ni nafuu. Asubuhi muziki uko ndani ya telefone, lakini unaitwa « Piste 3 » ao « Jazz ya mapumziko ». Nani anapuliza? Mwaka gani? Kutoka albumu ipi? Hakuna anayejua. Mwenye kupokea akiipenda, hana njia ya kutafuta nyingine ya mtu yuleyule.

Kuna tatizo lingine ambalo ni la Congo peke yake, na linachekesha kidogo. Mtu akiomba jazz, mwenzake anamuuliza: « Ya Franco ao ya Wamarekani, mdogo yangu? » Ni swali la haki. African Jazz ya Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz ikafuata mwaka 1956, na kwa wazazi wengi neno jazz halikumaanisha kitu kingine ila orkestra ya kisasa yenye magitare na saksofoni. Huko Tanzania pia, Morogoro Jazz na Western Jazz zilibeba neno hilo bila kupiga muziki wa New Orleans. Kwa hiyo kijana anayedai kwamba jazz ni muziki wa wageni wa mahoteli, wa watu wenye mvinyo mkononi, amesahau kwamba babu yake alicheza chini ya jina hilo. Na babu anayesema kwamba anaijua jazz yote kwa sababu ana disiki za OK Jazz, naye amesimama mlangoni hajaingia.

Hapo ndipo mtu wa kushauri anahitajika, siyo mashine. Mashine inatoa kinachofanana na kile kilichosikilizwa jana. Mtu anayemjua mwenzake anajua mlango wa kumpitishia. Anayempenda Verckys, yule aliyepuliza saksofoni ndani ya OK Jazz miaka ya 60, anaweza kupewa John Coltrane na akaelewa haraka kuliko profesa. Anayempenda Manu Dibango, Mkameruni aliyepita katika African Jazz ya Kabasele kabla hajajulikana dunia nzima, tayari ana mguu mmoja ndani. Anayependa piano apewe Riddles ya mwaka 2016, ambamo Mkongomani Ray Lema na Mfaransa Laurent de Wilde wanazungumza kwa piano mbili bila kugombania neno. Baada ya hapo Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959, haitamuogopesha mtu.

Lakini kama ni albumu moja tu ya kupeana mashariki mwa Congo mwaka huu, inapaswa kuwa Uhuru Afrika. Sababu siyo uzuri wake tu.

Sababu ya kwanza ni lugha. Weston mwenyewe alisimulia kwamba alitaka lugha ya Kiafrika ndani ya kazi yake, kwani kule Marekani watu weusi walikuwa wamefundishwa kwamba Afrika haina lugha, ina makelele tu. Aliwauliza Waafrika waliokuwa wakifanya kazi katika Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ingeweza kusimama kwa ajili ya bara zima, nao wakamjibu: Kiswahili. Mashariki mwa Congo, ambako wapo bado wanaoona haya kuandika barua ya kazi kwa Kiswahili, na ambako mtoto anachekwa shuleni akikosa Kifaransa, jibu lile la mwaka 1960 lina uzito wake.

Sababu ya pili ni mwezi wenyewe. Mwaka 1960 inchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Congo ikiwamo, tarehe 30 Juni. Kufikia Novemba, Patrice Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake Léopoldville, na Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai. Siku hizohizo Louis Armstrong alikuwa anazunguka Afrika akipuliza tarumbeta, safari iliyosaidiwa na serikali ya Marekani. Mwisho wa Oktoba alifika Léopoldville, watu wakambeba juu kwenye kiti kama chifu. Kisha alifika pia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wazee waliomuona walimpenda, na walikuwa na haki ya kumpenda. Yeye hakuwa na ubaya na mtu. Ila waliomlipia safari walikuwa na hesabu zao juu ya Lumumba, kama filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez, Soundtrack to a Coup d'Etat ya mwaka 2024, ilivyoionyesha dunia.

Kwa hiyo mwezi uleule jazz ilikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulitumwa Congo kufurahisha watu wakati mambo mengine yanapangwa. Mkono mwingine ulikuwa studio New York, unaandika uhuru kwa Kiswahili. Ndani ya studio hiyo alikuwamo Max Roach, ambaye mwaka uleule alitoa We Insist!, albumu ya kudai haki za watu weusi, akiimba humo Abbey Lincoln. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Habari ilipotangazwa mwezi wa pili, Abbey Lincoln, Max Roach na mwandishi Maya Angelou walikuwa kati ya watu walioingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama na kupiga kelele mbele ya mabalozi. Walipigania Mkongomani ambaye wengi wao hawakuwahi kumuona. Ni Wakongomani wangapi wanaojua majina yao?

Swali hilo ndilo linaloonyesha hasara ya « Piste 3 ». Jina likianguka njiani, haianguki heshima ya mwanamuziki peke yake. Inaanguka na hadithi nzima ambayo inamhusu msikilizaji wa Uvira kuliko wa Paris.

Kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 vita vimefika ndani ya Goma na Bukavu, mabenki ya Goma yakafunga milango, familia ziko barabarani, na mtu anakaa kuongelea disiki za jazz. Malalamiko hayo yasipuuzwe. Lakini yatazamwe vizuri. Mtu anayekimbia habebi disiki. Nyumba nyingi za Goma zilipoteza disiki na picha za ukoo siku moja tu, tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji. Nyingine zimepotea katika kukimbia huku na huku tangu miaka ya 90. Kile anachobeba anayekimbia ni telefone. Kabati la disiki la familia limekuwa kile kitu kidogo mfukoni, na ndani yake hakuna majina. Basi swali la ginsi watu wanavyopeana muziki ni swali la kitakachobaki, na linawahusu waliokimbia kuliko waliokaa.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Anayetuma albumu aitume nzima, siyo wimbo mmoja uliokatwa, kwani Weston alizipanga zile sehemu nne kama safari, na anayeanzia katikati hataelewa kwa nini mwisho ni kucheza. Pamoja nayo atume mistari mitatu: nani, mwaka gani, na kwa nini yeye aliipenda. Ule mstari wa tatu ndio unaofanya mwenzake afungue. Wale walio ng'ambo, wenye intaneti isiyokatika, wana deni kubwa zaidi hapa. Kutuma kiunganishi kwa mtu mwenye mega 50 ni kama kumuonyesha chakula kwenye picha.

Na redio. Mashariki mwa Congo redio inafika mahali ambapo telefone ya kisasa haijafika. Redio nyingi hutumia jazz kama kitambaa cha kufutia meza: dakika moja kati ya habari na matangazo ya vifo, halafu inakatwa kabla mpuliza hajamaliza pumzi, bila jina. Saa moja kwa juma inatosha kupiga albumu moja nzima na kuwataja waliomo. Mzee mwenye disiki zake aalikwe aeleze alizipata wapi, kijana wa karti ya memori akae upande wa pili wa meza naye alete yake. Wabishane. Kusikia watu wawili wakibishana juu ya Verckys na Coltrane kwa Kiswahili cha Bukavu ni kipindi ambacho kingesikilizwa hata na wasiopenda jazz.

Uhuru Afrika yenyewe ilikwisha kuogopwa. Mwaka 1964 serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliikataza. Watu wa Johannesburg walizuiwa na sheria kuisikiliza. Watu wa Kivu hawajazuiwa na mtu.

Mwenye mega chache aanze na African Lady. Maneno yake ni ya mshairi Langston Hughes, kumsifu mwanamke wa Afrika, na wanaoimba ni Martha Flowers na Brock Peters. Aliyepanga muziki wa orkestra nzima, kila tarumbeta na kila tromboni mahali pake, ni Melba Liston, mwanamke, mpiga tromboni, katika kazi ambayo wakati ule ilikuwa karibu yote ya wanaume. Jina hilo liandikwe kwenye karti ya memori kabla ya kuirusha kwa mwingine.