Nani Alifungua Bwawa? Hoja Dhidi ya Quantum of Solace

Wahakiki wengi wamekubaliana kwamba Quantum of Solace (2008), filamu ya 22 katika mfululizo wa James Bond, ni mwendelezo uliowavunja moyo watazamaji. Hatuna ugomvi na hukumu hiyo. Ugomvi wetu ni na sababu zinazotolewa. Aghalabu hudaiwa kwamba mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 na kuisha Februari 2008, uliuacha mswada ukiwa mbichi; kwamba mwelekezi Marc Forster aliyakatakata mapigano hata jicho likashindwa kutambua nani anampiga nani; na kwamba filamu ya dakika 106 ilikuwa nyepesi mno kuifuata Casino Royale (2006), iliyompa Bond moyo wa kupenda na kuumia. Madai haya yana ukweli, lakini yote ni ya fani. Makala haya yanashikilia kwamba kosa kuu limo katika maudhui, na kwamba mtazamaji aliyeketi Ndithini huliona upesi kuliko yule aliyeketi London.

Tukitazame kisa chenyewe. Dominic Greene, tajiri anayejitangaza kuwa mtetezi wa mazingira, anamsaidia Jenerali Medrano kutwaa mamlaka nchini Bolivia. Malipo anayoyataka ni kipande cha jangwa. Majasusi wa Marekani wanaamini kwamba chini ya jangwa hilo kuna mafuta. Ni pale Bond na Camille wanapotumbukia shimoni ndipo siri inapofichuka: Greene ameyazuia maji kwa bwawa lililofichwa chini ya ardhi, akinuia kuliuzia taifa maji yake lenyewe kwa bei aipendayo yeye. Kwa maoni yetu, hili ni wazo zito kuliko mengine yote ambayo mfululizo huu umeyabuni tangu Dr. No (1962). Wala si wazo la kufikirika tu. Mwaka 2000, wakazi wa Cochabamba, nchini humo humo Bolivia, waliingia barabarani baada ya huduma ya maji kukabidhiwa muungano wa kampuni za kigeni na bei kupanda, hadi serikali ikalazimika kuuvunja mkataba huo.

Je, filamu inalifanyia nini wazo hilo? Inatuonyesha kwa muda mfupi wanakijiji waliokusanyika penye maji yanayokatika, kisha inaondoka. Hakuna hata mmoja wao anayepewa jina. Camille ana kisasi chake dhidi ya Medrano, Bond ana kisasi chake kwa ajili ya Vesper. Hoteli ya jangwani inateketea. Greene anaachwa nyikani na kopo la oili ya injini, aonje kiu aliyowaonjesha wengine. Halafu tunahamishwa hadi Kazan, Urusi, ambako Bond anafunga hesabu zake za mapenzi na kuuangusha mkufu wa Vesper kwenye theluji. Filamu inakwisha. Nani alilifungua bwawa? Hatuonyeshwi. Kiu ya watu wengi imekuwa ngazi ya kupandia huzuni ya mtu mmoja.

Huenda tukapingwa kwamba tunaudai utanzu huu usichokuwa nacho. Kwamba hadithi ya kijasusi ni burudani, na hailazimiki kutoa somo la uchumi wa maji. Pingamizi hilo linasahau kanuni ya utanzu wenyewe. Katika Goldfinger (1964), bomu linazimwa na dhahabu ya Fort Knox inasalimika. Katika Thunderball (1965), mabomu yaliyoibwa yanapatikana. Jasusi husamehewa ukatili wake na ulevi wake kwa sababu, mwishoni, hatari huondolewa na kilichoibwa hurudishwa. Quantum of Solace inaivunja ahadi hiyo bila kujua kwamba imeivunja. Laiti ingaliivunja kwa makusudi, tungaliijadili kama tanzia. Na hapa ndipo fani na maudhui vinapokutana: kamera isiyoweza kutua penye pigano ndiyo hiyo hiyo isiyoweza kutua penye mfereji uliokauka.

Kwa nini Ndithini? Ndithini ni kata katika eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, nchi ya ukame wa mara kwa mara. Wakenya wengi hulijua jina la Masinga kwa sababu ya bwawa lililokamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana, ambalo maji yake huendesha mitambo ya umeme hapo hapo na katika mabwawa yaliyo chini yake, kuanzia Kamburu hadi Kiambere. Hatusemi kwamba bwawa hilo ni njama ya akina Greene. Ni mradi wa umma na faida zake zinaonekana. Tunasema tu kwamba katika nchi kama hii, ambako mitungi ya lita 20 hubebwa mgongoni mwa punda, maswali ambayo filamu iliyakimbia huulizwa kila kiangazi: maji haya ni ya nani, yanakwenda wapi, na nani anatembea kuyafuata?

Tena Ukambani kuna jibu ambalo waandishi wa Bond hawakulifikiria. Vikundi vya mwethya, yaani watu wanaofanya kazi kwa ushirika, vimejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi. Ukuta hujengwa kuukinga mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga, salama na jua, hadi kiangazi. Haya nayo ni maji yaliyofichwa chini ya ardhi, lakini yamefichwa ili yagawanywe. Taswira ni ile ile, maadili ni kinyume kabisa.

Wala si kweli kwamba utanzu wa ujasusi hauwezi kuubeba mzigo huu. David Maillu, mwandishi wa Ukambani, alimwumba Benni Kamba 009 katika The Equatorial Assignment (1980) akijua vyema anamwiga nani. Mtu anaweza kuzikosoa riwaya zake kwa mengi, lakini jasusi huyo ana wa kumtumikia: Afrika na watu wake. Bond wa 2008 hana ila jeraha lake.

Basi wahakiki wetu wasiridhike kurudia lawama za mgomo na uhariri wa picha. Mgomo haukulizuia bwawa lisifunguliwe. Lingalihitaji onyesho moja tu, na mwanakijiji mmoja mwenye jina. Kilichokosekana ni imani kwamba kiu ya mtu wa jangwani ni kisa kinachojitosheleza. Maji ya mwisho tunayoyaona katika filamu hiyo ni theluji ya Urusi, nayo haimnyweshi mtu.