Kuchora Makaburi Si Uchuro

Katika msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, kuna mti ambao mpita njia hana budi kusimama akautazama. Ni wa jamii ya mkuyu. Ndege huiangusha mbegu yake juu ya tawi la mti mwingine. Mizizi ikateremka pole pole mpaka ardhini, ikamkumbatia mwenyeji wake hata akafa na kuoza. Leo mgeni ndiye aliyesimama, na ndani yake mna uwazi tu, pale alipokuwa mwenye nyumba.

Mbele ya mti huo nilikuwa na kijana mmoja mchoraji, mzaliwa wa Malindi, aliyekuja kuuchora. Akanifungulia moyo. "Ami," akasema, "nataka kufanya maonyesho ya picha za makaburi yetu ya kale, kuhusu kungoja na mauti. Lakini nyumbani wananambia huo ni uchuro, na wengine wanasema picha ni haramu. Au nirudie twiga na majahazi, picha zinunuliwazo?"

Nilimjibu pale pale, na leo nawajibu waliomtisha.

Kwanza, uchuro. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu kuzuru makaburi kwa kuwa hukumbusha Akhera. Basi asiyeweza kufika Gedi wala Takwa, akaliona kaburi katika picha, naye amepata fungu lake la mawaidha.

Pili, uharamu. Chuoni tulisomeshwa kwamba Ibn Abbas alipoendewa na mtu ambaye kuchora ndiyo riziki yake, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kaburi ni mawe na chokaa. Mwenye mushkili ni yule twiga!

Wala jambo hili si geni kwetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliuonya moyo wake kwa mahame ya Pate. Alilolifanya yeye kwa wino, kijana huyu ataka kulifanya kwa rangi.

Na kungoja, ndugu zangu, wapi kunakozidi kule kaburini? Pale Gedi kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ukahamwa, msitu ukaumeza, mizizi ikaparamia kuta kama ile ya Isecheno. Mwaka 1948 wachimbuzi wakaanza kazi. Mwaka 2024 UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye kaburi hayo yote hayamhusu. Yeye yumo barzakhi, angoja Kiyama.

Lakini kijana nilimpa sharti moja: asiyapambe. Makaburi yetu mengi ya nguzo yalipachikwa vibakuli vya Kichina. Vingi vimebanduliwa, pamebaki vishimo. Avichore vishimo hivyo kama vilivyo. Havikubanduliwa na msitu; ni mikono ya watu. Twaiogopa picha ya kaburi, na kaburi lenyewe twaliibia! Uchuro ni upi hapo?

Siku atakapozitundika picha zake, inshallah, nendeni. Atakaye kununua na anunue, lakini kabla ya kuuliza bei awaombee waliotangulia. Zamu yetu nasi iko njiani.