Kibodi Isiyo na Waya, na Haraka ya Kulaumu

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja, mkaazi wa papa hapa Kariakoo, naye amejaa hasira. Alikuwa amenunua kibodi isiyo na waya, itumiayo Bluetooth, katika duka moja karibu na Mtaa wa Msimbazi, ili dada yake aitumie katika masomo. Dukani muuzaji aliijaribu kwa simu yake, ikaandika sawasawa; ilipofika nyumbani, kompyuta yao yenye Linux haikuiona kabisa. Kijana akakata shauri kwamba amedanganywa, akataka kurudi amwaibishe yule muuzaji mbele ya wateja wake. Tulimwomba asubiri, tuitazame kwanza. Kwani heshima ya mfanyabiashara ikishavunjwa mbele ya watu, haiungwi kwa pole ya siku ya pili.

Sababu ya kwanza ilikuwa dhahiri. Kibodi ile ilikuwa yaikumbuka simu ya muuzaji, nayo yaitafuta hiyo tu. Tukashikilia kitufe chake cha kuunganishia hata taa ikaanza kuwaka na kuzima. Hiyo ndiyo alama ya kuwa sasa yajitangaza kwa wote.

Kisha tukafungua dirisha la amri katika kompyuta, tukaita programu iitwayo “bluetoothctl”. Ndani yake tuliandika “power on”, kuiamsha Bluetooth ya kompyuta; halafu “scan on”, kutafuta vyombo vilivyo karibu. Jina la kibodi likatokea pamoja na anwani yake. Tukaandika “pair” na anwani ile, na kompyuta ikatoa namba ya tarakimu 6. Hapa ndipo wengi wakosapo: huiandika namba ile kwa kibodi ya zamani, au hukaa wakingoja. Yapasa ichapwe kwa kibodi mpya yenyewe, kisha ibonyezwe Enter. Tulipofanya hivyo, tukamalizia kwa “connect”, na kibodi ikaandika.

Lakini asubuhi yake kijana akarudi. Kompyuta ilizimwa usiku, na ilipowashwa kibodi ikawa bubu. Kosa hili lilikuwa letu sisi, wala si la muuzaji: tulisahau amri ya “trust”, ambayo hukifanya chombo kiaminiwe, kiruhusiwe kujiunga chenyewe kila siku bila kuulizwa. Tukaiandika, na tangu hapo haijasumbua.

Yako mengine ya kuangaliwa. Bluetooth ikikataa kuamka, huenda imefungwa. Amri ya “rfkill unblock bluetooth” huifungua. Na wenye kompyuta idaiyo neno la siri la diski kabla ya Linux kuamka, wasiitupe kibodi ya waya, kwa kuwa wakati huo kwa kawaida Bluetooth haijaanza kazi.

Tena twawaonya vijana wetu juu ya njia ya mkato. Mwaka 2023 mtafiti Marc Newlin alidhihirisha kwamba mtu aliye karibu aliweza kujifanya kibodi na kuandika katika kompyuta au simu ya mwingine bila idhini ya mwenyewe. Watengenezaji wa Linux wakauziba mlango huo kwa kuiwasha kanuni iitwayo “ClassicBondedOnly”. Baadhi ya kibodi za zamani zikakataa kuungana, na wako washauri wasemao kanuni hiyo izimwe. Msiizime. Katika maghorofa ya Kariakoo, ambako jirani yuko nyuma ya ukuta na duka liko chini ya sakafu, kufanya hivyo ni kulala mlango wazi. Afadhali kuandika “remove”, kuifuta kibodi, na kuiunganisha upya kwa namba yake.

Kijana alirudi dukani, si kwa ugomvi, bali kumweleza muuzaji aliyojifunza. Naye akashukuru, na sasa kila mnunuzi humwonesha kitufe cha kuunganishia kabla hajampa bidhaa. Lau kijana yule angalikwenda siku ya kwanza na hasira yake, angaliharibu jina la mtu asiye na hatia, na kibodi ingalibaki bubu vile vile.