Kisa kisomwe mbele ya mwenyewe

Jioni ya tarehe 13 Machi 2012, maelfu ya watu walikusanyika mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kutazama filamu iliyokuwa ikiwazungumzia wao. Iliitwa Kony 2012. Shirika la Kimarekani la Invisible Children lilikuwa limeiweka kwenye intaneti wiki moja tu kabla, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Wengi wa watu wa Lira hawakuwa na intaneti. Shirika la vijana la AYINET, chini ya Victor Ochen, likaamua kuwaletea filamu hiyo hadharani ili nao waone dunia inasema nini juu yao.

Walimwona baba wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo kuhusu mtu mbaya aitwaye Joseph Kony. Waliona vijana wa ughaibuni wakivaa fulana na bangili zenye jina la Kony, jina la kiongozi wa waasi ambaye wapiganaji wake walikata watu midomo na masikio, na ambao Februari 2004 waliua mamia katika kambi ya Barlonyo, si mbali na mahali walipokuwa wamekaa. Habari za maisha yao, za kujenga upya nyumba na kuwarudisha watoto shuleni, hawakuziona. Wala filamu haikuwatosheleza kuhusu jambo wanalolijua wote, kwamba Kony alikwishaondoka Uganda miaka kadhaa iliyopita na alikuwa akiwahangaisha raia wa Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Minong'ono ikageuka kelele, mawe yakarushwa, watu wakatawanyika kwa hasira. AYINET ikasitisha maonyesho mengine.

Kisa hiki kinastahili kufundishwa katika kila semina ya asasi za kiraia inayohusu mawasiliano. Siku hizi semina hizo ni nyingi, kuanzia Nairobi hadi Mbeya, na maofisa wanafundishwa kuandika kile kinachoitwa "hadithi za mafanikio" za wanufaika. Ufundi unaofundishwa ni wa kweli. Tatizo ni kwamba hadithi hizo huandikwa kwa ajili ya mfadhili aliye mbali, kwa lugha ambayo mara nyingi mnufaika haisomi, na yeye mwenyewe hufa bila kujua kilichoandikwa juu yake.

Nguvu ya kisa haina ubishi. Mwaka 2007 watafiti watatu, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani. Washiriki walipewa dola tano kila mmoja, kisha wakaombwa kuchangia vita dhidi ya njaa barani Afrika. Waliosoma takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa wastani wa dola 1.14. Waliosoma habari za mtoto mmoja tu, Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa dola 2.38. La kushangaza ni kundi lililopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu: lilitoa dola 1.43. Idadi kubwa ilipoza huruma iliyokuwa imewashwa na sura ya mtoto mmoja.

Mkuu wa shirika akiyasoma matokeo hayo kwa haraka, atatoka na somo moja: atafutwe mtoto mwenye huzuni kuliko wote, apigwe picha akiwa hana viatu. Ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi. Lakini Rokia katika jaribio lile hafanyi chochote. Anasubiri tu. Na shirika linalowaonyesha watu wake wakisubiri siku zote linawafundisha wafadhili kwamba watu hao hawana akili wala mikono.

Utamaduni wetu wenyewe una jibu zuri hapa. Bibi anapoanza kusimulia, husema "Hadithi, hadithi," na wajukuu humjibu kwa kuikaribisha hadithi, kuukaribisha na uongo, utamu ukolee. Uongo unaingia kwa mlango wa mbele, kila mtu ameuona, hakuna aliyedanganywa. Kisa cha mtu aliyepo ni kitu kingine kabisa. Hicho ni ushuhuda, na hakuna aliyeitikia kwamba uongo uje. Ofisa anayeongeza chumvi kidogo, anayemfanya mjane awe na watoto saba badala ya wanne, amechukua ruhusa ambayo bibi aliomba na yeye hakuomba.

Anayetaka kubuni, njia ya halali ipo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, ambao ndani yake dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliendekeza starehe barabarani hadi UKIMWI ukampata, huku mkewe Tunu akijifunza kusimama kwa miguu yake. Wote walikuwa wa kubuni, na msikilizaji alilijua hilo. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, ili watafiti wapate mahali pa kulinganishia, na ikaonekana kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika. Hakuna mwanamke hata mmoja wa kweli aliyeanikwa ili somo hilo lifike.

Wangari Maathai wa Kenya naye alijua tofauti hiyo ya ngano na ushuhuda. Alipenda kusimulia juu ya ndege mdogo anayebeba tone la maji kwa mdomo wake kuzima moto wa msitu, huku tembo na wanyama wengine wakubwa wakimtazama tu. Ilikuwa ngano, na aliisimulia kama ngano. Alipozungumzia Green Belt Movement, harakati aliyoianzisha mwaka 1977 kwa kupanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, alieleza walichosema wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, vijito vimekauka, chakula hakitoshi. Wanawake hao ndio waliokuwa watendaji wa kisa. Walipanda miti, wakalipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika, na leo harakati hiyo inahesabu zaidi ya miti milioni 50 nchini Kenya. Tuzo ya Nobel ya Amani ilimjia Maathai mwaka 2004.

Mfano mwingine uko Dar es Salaam, na pengine ndio ulio bora kuliko yote. Hospitali ya CCBRT, inayotibu bila malipo fistula, jeraha la uzazi linalofanya mkojo uvuje, ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa kupitia mabalozi walioko mikoani. Miongoni mwa mabalozi hao wamo wanawake waliokwisha kutibiwa. Mwanamke aliyefichwa chumbani kwa miaka kwa sababu ya harufu ya mkojo hasadikishwi na bango. Anamsadiki mwenzake anayemwambia kwa lugha ya nyumbani: nilikuwa kama wewe, nilipanda basi, nikapona. Hapo shirika linajitangaza kwa yule linayetaka kumtibu, na msimulizi ni mwenye kisa. Anachagua mwenyewe aseme nini na anyamaze wapi.

Wako watakaosema kwamba mfadhili anataka machozi, na bila machozi fedha haziji. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mishahara ya watu inategemea fedha hizo. Lakini Invisible Children, iliyopata umaarufu ambao hakuna shirika lingine la aina yake lililowahi kuupata kwa wiki moja, ilitangaza Desemba 2014 kwamba inapunguza sehemu kubwa ya kazi zake kwa sababu fedha zimekauka. Kinyume chake, mwaka 2011, wakati wa ukame uliowaumiza watu wa Turkana, kampeni ya Kenyans for Kenya iliwaomba Wakenya wa kawaida wachangie kwa simu, ikiweka lengo la shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Lengo hilo lilivukwa. Waliotoa hawakuwa wakimwonea huruma mgeni. Waliambiwa juu ya jirani, kwa lugha wanayoijua, na wangeweza kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Suala hili sasa ni la haraka. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi Julai 2025, na miradi mingi ya afya na elimu katika ukanda huu imebaki bila mfadhili. Asasi zetu zitalazimika kubisha hodi kwa Watanzania, Wakenya na Waganda wenyewe. Hao hawatadanganyika na picha iliyopigwa kijijini kwao.

Sheria nayo imeshasogea. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote zinaipa uzito ridhaa ya mhusika, na alama ya dole gumba kwenye fomu ambayo mtu hakusomewa haiwezi kuitwa ridhaa.

Ofisa mawasiliano anayeandaa ripoti ya mwaka huu na aende nayo kijijini kabla haijachapwa. Aitafsiri, aisome kwa sauti mbele ya mwenye kisa, na mwenyewe akipenda, mbele ya jirani zake. Watakapomwambia kwamba mstari fulani si kweli, au unamwaibisha mtoto, aufute hapohapo mbele yao.